Mwongozo kamili: kuchora ramani ya bustani yenye rangi kwa SketchUp

Ramani ya bustani ikishatoka kwenye kompyuta huishia sehemu tatu: kwenye simu ya mwenye nyumba kupitia WhatsApp, kwenye karatasi ya A3 iliyochapwa steshenari, na mkononi mwa fundi ikiwa fotokopi nyeusi na nyeupe iliyokunjwa mara nne. Wachoraji wengi huiandalia simu tu, ndiyo maana ramani iliyopendeza kwenye skrini ikifika saiti inageuka doa la kijivu. Mwongozo huu unaanzia kwenye fotokopi. Ramani inayosomeka pale itasomeka popote, na kinachoifanya isomeke ni tofauti ya mwanga na giza pamoja na vivuli vilivyokaa mahali pake. Wingi wa rangi hauchangii sana.

Kwa mfano wetu tuchukue kiwanja cha mita 30 kwa 20 Kigamboni, upande mrefu ukielekea mashariki na magharibi, barabara na geti vikiwa magharibi. Katikati kuna nyumba ya mita 12 kwa 10. Mwenye nyumba anataka maegesho ya gari mbili, kipande cha ukoka, bustani ya mboga, na kivuli barazani jioni.

Programu ni SketchUp ya kwenye kompyuta, toleo la Pro, ambalo huja na LayOut kwa ajili ya kupanga karatasi. Toleo la bure la kwenye kivinjari linafaa kwa uchoraji wenyewe, ila halina LayOut, halipokei faili za DWG (aina ya faili za michoro wanayotumia wapima ardhi), na linakubana kwenye kutengeneza rangi zako mwenyewe. Wenye toleo hilo nitawaonyesha njia yao mbele. Anayetumia ArchiCAD au Revit atakuta majina ya vitufe tofauti, lakini mpangilio wa kazi ni uleule.

Kwanza kiwanjani

Nenda na tepu na daftari. Pima umbali kutoka kila kona ya nyumba hadi kwenye uzio, upana wa milango ya nje, kimo cha baraza kutoka chini, na upenu wa paa umetokeza kiasi gani. Kwa kila mti uliopo andika mahali shina lilipo na upana wa kivuli chake. Weka alama kwenye mfuniko wa shimo la maji taka, tangi la maji, na bomba linapoingia. Kisha muulize mwenye nyumba swali moja ambalo halimo kwenye karatasi yoyote: maji ya masika yanasimama wapi? Jibu lake linaweza kuhamisha bustani ya mboga kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi mwingine.

Kuingiza ramani ya upimaji

Ukibahatika, mpima ardhi atakupa faili la DWG. Unapoliingiza kupitia File, kisha Import, fungua kwanza kitufe cha Options na uchague kipimo cha mita. Ukikosea hapo, kiwanja cha mita 30 kinaweza kuingia kikiwa na urefu wa milimita 30.

Shida ya pili haionekani haraka. Ramani za upimaji huchorwa kwa koodineti za UTM, mfumo unaotaja mahali kwa mita ndani ya kanda za dunia, na Dar es Salaam iko kwenye kanda ya 37 Kusini, ambako namba ya kuelekea kaskazini inazidi 9,200,000. Kiwanja chako kinaweza kuingia kikiwa zaidi ya kilomita 9,000 kutoka kwenye makutano ya mihimili ya programu. SketchUp haipendi umbali huo: mistari inacheza, nyuso zinakatika ukikaribia, na kazi inakuwa mateso. Kwa hiyo mara tu ramani ikiingia, iteue yote, ifanye kundi moja, bonyeza M, shika kona ya bikoni (alama ya mpaka) ya kusini magharibi na uipeleke kwenye makutano ya mihimili. Ukiandika [0,0,0] kisha Enter itakwenda yenyewe. Andika koodineti za awali za bikoni hiyo pembeni, siku moja mpima atazihitaji.

Kama ulichonacho ni picha ya hati iliyopigwa kwa simu, iingize kama picha, ifanye kundi, ingia ndani ya kundi, chukua chombo cha kupimia kwa kubonyeza T, pima upande unaoujua urefu wake, andika urefu halisi, na ukubali programu ibadilishe ukubwa. Picha ya simu huwa imepinda kidogo, basi ichukulie kama mwongozo wa macho tu. Mipaka yenyewe ichore kwa namba zilizoandikwa kwenye hati.

Vyovyote iwavyo, usichore juu ya mistari ya mpima. Lifunge kundi lake, lipe tagi yake (lebo ya kuwasha na kuzima vitu), kisha chora upya juu yake. Tagi ndizo zilizokuwa zikiitwa Layers kabla ya toleo la 2020, kwa hiyo video za zamani zisikuchanganye. Kanuni ya tagi ni moja na haina mjadala: mistari na nyuso vibaki bila tagi, makundi na komponenti (vitu ambavyo nakala zake zote hubadilika pamoja) ndivyo vipewe. Ukiivunja utakuja kuzima tagi ya miti na kuona nusu ya njia ikipotea nayo.

Kugawa ardhi

Bonyeza R, chora mstatili, andika 30m,20m. Umepata uso mmoja mkubwa. Sasa ugawe kwa mistari: nyumba, njia ya gari, maegesho, ukoka, vitanda vya maua, mboga. SketchUp hutengeneza uso pale tu mistari inapofunga mzunguko kamili kwenye usawa mmoja. Ukiona kipande kimekataa kujigawa, kuna mahali mistari haijagusana, mara nyingi kwenye maungio ya tao na mstari ulionyooka. Vuta karibu uone.

Mgawanyo ukikamilika, inua kila kipande kwa chombo cha P: ukoka ubaki sifuri, pevingi ipande sentimita 5, kingo za vitanda vya maua sentimita 10, baraza sentimita 45 au kimo ulichopima. Ukitazama kutoka juu utadhani hakuna kilichobadilika. Ukija kuwasha jua, kila kimo kitatoa ukingo wake mwembamba wa kivuli, na huo ndio utakaomwonyesha fundi kwamba hapa kuna ngazi na pale ni tambarare. Kuinua huku kunaondoa pia ule mchezo wa nyuso mbili zilizolala usawa mmoja, ambazo hupigania kuonekana na kutoa madoa yanayometameta.

Kama kiwanja kina mteremko mkubwa, vyombo vya Sandbox vinaweza kujenga ardhi kutokana na mistari ya kontua. Kwa kiwanja cha kawaida cha Kigamboni, mishale mitatu ya kuonyesha maji yanakokwenda inatosha.

Nyumba iwe nyeupe

Kuna wanaopaka paa rangi ya bati jekundu na kuonyesha kila mkunjo. Matokeo yake jicho linakwenda kwenye paa, jambo ambalo halihusiani na kazi uliyopewa. Mimi huiacha nyumba nyeupe: kuta za mita 3, paa la mteremko wa pande nne lenye upenu wake, rangi karibu na nyeupe, basi. Nyeupe hiyo inasukuma rangi za bustani mbele. Kwa kuwa paa linaficha milango, chora pembetatu ndogo nyeusi nje ya kila mlango ikielekeza ndani. Bila pembetatu hizo hakuna atakayeelewa kwa nini njia inakwenda pale inakokwenda.

Miti

Mwanzoni kila mtu hukimbilia 3D Warehouse, maktaba ya mtandaoni ya SketchUp, kupakua miti iliyotengenezwa tayari. Iko ya aina mbili, na zote zina kasoro kwa kazi hii. Ile bapa, iliyotengenezwa igeukie kamera daima, ikitazamwa kutoka juu inakuwa mstari mmoja mwembamba. Ile ya pande tatu yenye kila jani hufanya faili kuwa zito kiasi kwamba kompyuta ya kawaida inasimama baada ya miti kumi. Tengeneza yako. Ukiwa nayo mara moja utaitumia miaka.

Mti wa ramani una sehemu mbili tu: duara dogo la shina chini, na sahani ya matawi juu. Bonyeza C, andika nusu kipenyo, kisha andika 24s ili duara liwe na pande 24. Mwembe uupe ukingo wa mawimbi kwa kuunganisha matao madogo kuzunguka duara. Mnazi uwe nyota yenye makuti kumi na mbili hivi. Mlimau, duara dogo lisilo na madoido. Mgomba, fungu la majani marefu matano au sita. Aina nne za umbo zinatosha ramani nzima. Zikizidi, msomaji anaanza kutafuta maana pasipo na maana.

Chora kwa ukubwa ambao mti utaufikia ukikomaa, usichore mche unaotoka kitaluni. Mwembe mkubwa unavuka mita 10 za upana kwa urahisi, mwarobaini vilevile, mnazi karibu mita 8 ukihesabu makuti, mlimau 3 hadi 4, mpapai 2 hadi 3. Hapa ndipo mteja anapogundua kwamba miembe mitatu aliyoitaka haiingii, na ni nafuu agundue kwenye karatasi. Kwenye kiwanja chetu unaingia mmoja. Kwa kuwa mwenye nyumba anataka kivuli cha jioni barazani, nafasi yake ni upande wa magharibi, kati ya geti na baraza, mbali na shimo la maji taka ambalo mizizi ingelisumbua.

Sahani ya matawi iinuliwe kiasi gani? Usifuate kimo halisi. Mnazi wa mita 12 ukichorwa kwa kimo chake utatupa kivuli mbali na mti wenyewe, na ramani itaonekana kama ina madoa yasiyo na mwenyewe. Kanuni ninayoitumia ni kuinua sahani kwa kimo kinacholingana na nusu kipenyo chake. Mwembe wenye upana wa mita 10, sahani iwe mita 5 juu. Mlimau wa mita 3, sahani iwe mita moja na nusu. Kivuli kitatokeza kama hilali upande mmoja wa mti na kubaki kimeshikana nao. Huu ni uongo wa mchoro. Kwa hesabu halisi ya kivuli, mfano wa kuonyesha jua la saa kumi jioni linafika wapi barazani, weka nakala nyingine yenye vimo vya kweli kwenye tagi tofauti.

Kila mti uwe komponenti, bonyeza G. Ukibadilisha mmoja yote inabadilika, na programu itakuhesabia. Kwa ua wa yasmini au bogenvilia pembeni mwa uzio, weka kichaka kimoja, bonyeza M kisha Ctrl, sogeza nakala kwa mita 1, halafu andika 12x. Zitajipanga nakala kumi na mbili, na pamoja na kichaka cha kwanza vitakuwa kumi na vitatu. Vizungushe viwili vitatu kwa Q na kuvipunguza kidogo kwa S, maana ua ulionakiliwa bila kuguswa unajulikana haraka. Miti ya aina moja inayopishana matawi, mmoja uupandishe sentimita chache ili sahani zisigombane.

Jua: hatua inayobeba ramani

SketchUp ilianza mwaka 2000 mikononi mwa kampuni ya @Last Software ya Boulder, Colorado. Google wakainunua 2006, Trimble wakaichukua 2012. Habari hizo zingebaki za kujifurahisha tu kama si jambo moja: usipoiambia uko wapi, programu huanza ikidhani uko Boulder, latitudo 40 Kaskazini. Adhuhuri ya Boulder jua liko kusini mwaka mzima na vivuli vinaangukia kaskazini. Kwetu sivyo. Fungua Model Info, nenda Geo-location, andika latitudo 6.8 Kusini na longitudo 39.3 Mashariki, kisha kwenye paneli ya Shadows chagua UTC+3. Hakikisha pia kaskazini ya kiwanja inafuata mhimili wa kijani. Ukiwa na ramani ya mpima iliyoelekezwa sawasawa, hilo limeshafanyika. Karatasi ikikulazimisha kugeuza mchoro, geuza dirisha lake kwenye LayOut, kiwanja chenyewe ukiache.

Sasa chagua tarehe. Dar es Salaam, Juni 21 adhuhuri, jua liko kaskazini, kwenye mwinuko wa kama nyuzi 60, na mti wa mita 10 unatupa kivuli cha karibu mita 6 kuelekea kusini. Desemba 21 jua limehamia kusini, limepanda hadi nyuzi 73, na kivuli cha mti huohuo ni mita 3 tu kuelekea kaskazini. Mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10 jua la adhuhuri liko utosini. Ukichagua siku hizo ramani itakuwa bapa kabisa.

Kwa ramani ya rangi weka Juni 21, saa nane mchana, ambayo programu inaandika 2:00 PM. Wakati huo jua liko kaskazini magharibi na mwinuko wake unazidi kidogo nyuzi 50, hivyo kila kitu kinatupa kivuli cha kama asilimia 80 ya kimo chake kuelekea kusini mashariki. Kaskazini ikiwa juu ya karatasi, vivuli vinaangukia chini kulia, na jicho la msomaji hupokea mwanga unaotoka juu kushoto bila kusitasita. Kivuli hicho ni cha kweli pia. Wenzetu wa latitudo za juu kaskazini wanaotaka kivuli cha namna hiyo hulazimika kukibuni. Ukichora kiwanja cha Mombasa au Tanga, tarehe na saa hizo zinafaa vilevile.

Kwenye paneli hiyohiyo kuna vitelezo viwili, Light na Dark. Pandisha Dark hadi uweze kuona rangi ya ukoka chini ya kivuli. Kivuli cheusi tii hufuta kila kilicho chini yake, na fotokopi itamalizia iliyobaki.

Rangi, mwishoni kabisa

Kila rangi ina uzito wake wa mwanga, na uzito huo ndio pekee unaobaki kwenye fotokopi. Rangi huandikwa kwa namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kutoka 0 hadi 255. Unaukokotoa uzito hivi: zidisha nyekundu kwa 0.3, kijani kwa 0.59, bluu kwa 0.11, jumlisha. Jibu liko kati ya 0, nyeusi, na 255, nyeupe.

Tazama mtego. Ukoka wa kijani kibichi cha 196, 208, 150 una uzito wa 198. Pevingi ya rangi ya maziwa, 214, 202, 186, ina uzito wa 204. Kwenye skrini hakuna anayezichanganya. Kwenye fotokopi ni kijivu kimoja na njia ya gari imepotea. Kwa hiyo panga ngazi za uzito kwanza, zikipishana angalau 20 kwa vitu vinavyopakana, kisha uvike rangi juu yake. Seti ninayoipendekeza ni hii:

- Paa: 245, 245, 242, uzito 245
- Pevingi: 230, 222, 208, uzito 223
- Ukoka: 178, 196, 130, uzito 183
- Vitanda vya maua: 140, 162, 96, uzito 148
- Udongo wa mboga: 176, 130, 98, uzito 140
- Matawi ya miti: 92, 122, 70, uzito 107

Udongo wa mboga na vitanda vya maua vimekaribiana kwa makusudi, ili ngazi zisiwe nyingi mno. Kinachovitenganisha ni mistari ya matuta: chora mistari sambamba kila sentimita 60 ndani ya kitanda cha mboga na hakuna atakayekosea.

Zitengeneze kwenye paneli ya Materials, zipe majina ya Kiswahili yanayoeleweka, na upake kwa B. Miti ipe uwazi ili njia inayopita chini yake ionekane, lakini Opacity yake isishuke chini ya asilimia 70. SketchUp huacha kutupa kivuli cha uso ambao Opacity yake iko chini ya hapo. Mimi huweka 75. Ukishangaa siku moja kwa nini miti yote imepoteza vivuli, anza kuangalia hapo.

Picha za majani halisi na pevingi halisi ziache. Kwa skeli ya 1:100, tofali la pevingi la sentimita 20 kwa 10 linakuwa milimita 2 kwa 1 kwenye karatasi, na njia nzima inageuka wavu mweusi. Picha ya majani hujirudia kwa vipande vya mraba na kuufanya ukoka uonekane kama vigae. Rangi tupu inatosha. Mapambo ya tofali yaweke kwenye mchoro wa pembeni wa 1:20, kama fundi anahitaji kuona yanavyopangwa.

Mwonekano na maonyesho

Fungua menyu ya Camera, chagua Parallel Projection, kisha Standard Views, Top. Bila hatua hii paa litaonekana limeinama na hakuna skeli itakayokubali. Kwenye Styles zima anga, fanya nyuma iwe nyeupe, zima Profiles na Extensions, na ubadilishe mistari kutoka nyeusi kwenda kijivu kizito.

Hifadhi maonyesho matatu kwenye paneli ya Scenes, kamera ikiwa ileile isiyosogea hata nywele: "Rangi" vivuli vikiwa vimewaka, "Rangi tupu" vivuli vikiwa vimezimwa, na "Vivuli" kwa mtindo wa Hidden Line, ambapo kila kitu ni cheupe na vivuli tu ndivyo vinaonekana. Kwenye "Rangi tupu" tia alama Use Sun for Shading, Light iwe 0 na Dark iwe 80. Rangi zitatoka karibu na namba ulizoandika.

Karatasi

Hifadhi faili, kisha File, Send to LayOut. Chagua A3 ya kulala, ambayo ni milimita 420 kwa 297. Onyesho la "Rangi" lipe skeli ya 1:100 na kiwanja chetu kitachukua milimita 300 kwa 200. Kulia zinabaki kama sentimita 12 za ufunguo na jina la mradi. Ukubwa huu wa kiwanja na A3 ni kama vimechongewa pamoja. Weka uchoraji kuwa Hybrid: nyuso na vivuli vitatoka kama picha, mistari itatoka mikali. Uzito wa mistari upange hapa hapa. Mpaka wa kiwanja upitishe upya kwa pointi 2, ukuta wa nyumba pointi 1, vingine vyote nusu pointi au chini yake.

Usiandike majina ya mimea juu ya mimea. Weka namba ndani ya duara, na majina yakae kwenye ufunguo pembeni: la Kiswahili, la kisayansi, na idadi. Mwembe, Mangifera indica, 1. Mnazi, Cocos nucifera, 3. La kisayansi linasaidia pale kitaluni, maana mti mmoja unaweza kuwa na jina lingine ukivuka mkoa. Idadi usihesabu kwa macho: teua komponenti moja, Entity Info itakuambia zipo ngapi kwenye mchoro. Paneli hiyohiyo inatoa eneo. Teua nyuso zote za juu za pevingi, soma mita za mraba, zidisha kwa 50, na umepata tofali za sentimita 20 kwa 10 zinazohitajika kabla ya kuongeza za kuvunjika.

Ongeza kishale cha kaskazini na mishale miwili midogo ya pepo za kusi na kaskazi. Mchoro unaotoka Pwani bila pepo hizo haumsaidii mtu kuamua baraza lipumue upande gani. Ongeza pia mstari wa kipimo uliogawanywa mita 0, 1, 5 na 10. Huu ni lazima: fotokopi iliyopunguzwa inaua maandishi ya "1:100", lakini mstari wa kipimo unapungua pamoja na mchoro na unabaki kweli.

Toa PDF. Ukihitaji picha, A3 kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 4961 kwa 3508.

Kwa mwenye toleo la bure

Paka kila kipande rangi yoyote iliyo tayari kwenye programu, ilimradi zisifanane. Chora mstari wa kipimo ndani ya mchoro wenyewe, toa picha moja bila vivuli na nyingine yenye vivuli bila kusogeza kamera. Zifungue kwenye GIMP, ambayo haiuzwi. Kwenye ile isiyo na vivuli teua kila rangi kwa chombo cha kuteua kwa rangi na uijaze namba za seti yetu. Ile yenye vivuli igeuze iwe ya kijivu, iweke juu, badilisha hali ya tabaka kuwa Multiply, na ushushe Opacity yake hadi kivuli kikae vizuri. Rangi za muda ulizopaka mwanzo zikiwa nyepesi tu, kijivu chake hakitachafua zilizo chini. Mwenye Pro naye anaweza kupita njia hii kwa kutumia "Rangi tupu" na "Vivuli", na mara nyingi matokeo ni laini kuliko ya LayOut, ila kila badiliko linamrudisha kwenye GIMP upya.

Kabla ya kutuma

Chapa nakala moja nyeusi na nyeupe kwenye printa mbovu kuliko zote unazozifahamu, isimamishe ukutani, rudi nyuma hatua tatu. Unatakiwa kuona njia ya gari, ukoka, miti na nyumba bila kuambiwa. Kisichoonekana, rudi kwenye namba za uzito wake. Usiongeze mstari mzito kukiokoa.

Unapotuma kwa WhatsApp, tuma PDF kama hati. Ikitumwa kama picha inabanwa na namba za mimea zinakuwa ukungu. Mteja akijibu kwamba anataka maegesho yasogee kusini, rekebisha kwenye SketchUp, hifadhi, kisha kwenye LayOut bonyeza mchoro kwa kitufe cha kulia na uchague Update Model Reference. Rangi, vivuli na skeli vitakuja vimeshajipanga. Namba za mimea zilizowekwa kwa mkono hazitahama zenyewe, hivyo zipitie moja moja, na ubadilishe tarehe kwenye kona ya karatasi ili saiti isije ikawa na ramani mbili zenye sura moja.